Dakika Thelathini na Tano za Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba miwani yangu mipya imefika, na kila anayeniona ananiita profesa mpaka nifungue mdomo. Baada ya tangazo hilo zito, hujambo? Mama na jicho lake wanaendeleaje? Nasikia bandeji imetolewa na ameanza kumkosoa nesi anavyotandika kitanda, basi amepona. Mimi ni mzima, ila usingizi sipati, na sababu utaisoma humu.

Barua yako ya malalamiko imefika hapa kiwanjani. Meneja aliisoma mbele yetu sote. Umeandika kwamba kutoka kiwanja chetu hadi hicho chenu ni kilomita mia mbili na themanini, dakika hamsini za angani, na kwamba kaka yako, mpima mizigo wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuhakikishia. Mama aliondoka saa nne na dakika kumi, akatua saa tano na dakika thelathini na tano. Ukauliza rubani alikuwa anazurura wapi na mgonjwa wako, wakati wewe umeketi sakafuni ukiamini ndege imeanguka. Maneno makali unayaweza tangu utoto, na safari hii yamefika.

Rubani amesimamishwa kazi. Kikao chake ni kesho. Alipoulizwa alisema tu kwamba alichelewa kuondoka. Meneja akafungua kitabu cha safari, kikasema saa nne na kumi, kwa mwandiko wangu ule mzuri. Wenzangu wa zamu nyingine wakasema kitabu hakina sababu ya kumsingizia mtu. Mjaza mafuta peke yake aliniangalia mimi badala ya kitabu. Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa soma ukiwa umekaa. Nilikwambia sikumsindikiza mama kwa sababu kiti changu kilichukuliwa na mizigo. Si kweli. Kilikuwa kitupu, ubavuni mwa mama, na hakukuwa na abiria mwingine. Miaka yote hii nawatajia watu dakika za safari kama niliyezihesabu mwenyewe, na sijawahi kupanda ndege hata mara moja. Naogopa. Nilimfunga mama mkanda, nikamwambia natoka mara moja kuandika kitabu. Nikaandika imeondoka, kama ninavyoandika kila siku kabla haijaondoka ili niwahi chai. Nikakupigia simu kwamba yuko angani. Kisha nikajifungia stoo ya mizigo.

Mama akakataa kwenda bila mimi. Rubani alizima injini, akashuka, akanitafuta chooni, jikoni, mpaka nyuma ya matangi. Nilimsikia akiita kwamba mama ananisubiri. Sikuitika. Dakika thelathini na tano, mdogo wangu. Mwishowe alirudi, akamwambia mama nimepatwa na dharura, na kwamba yeye mwenyewe atamfikisha. Alinisitiri, na mpaka leo ananisitiri. Mama naye, ulipomuuliza, alikwambia alilala njia nzima. Usimgombeze. Alikuwa anamficha mwanawe wa miaka hamsini na mmoja.

Asubuhi hii nimempa meneja maelezo yangu kwa maandishi, yenye saa za kweli. Huenda kesho jioni nisiwe na kazi. Usinitetee. Mwandikie rubani mstari mmoja wa kumwomba radhi. Wangu nimeshampelekea mkononi, akaupokea bila kunitazama.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama umbusu shavu la upande mzima.

Ni mimi kaka yako,
Mzee wa Mizani