Siku ya Uhuru, Mama Alipojifungua

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka. Huku Mwamanyili tu wazima, na pamba imeota vizuri. Umeniuliza niliona nini ile Siku ya Uhuru ya kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi. Kijiji kizima kilikwenda kwenye sherehe uwanja wa shule, na mkunga pia. Nyumbani mama akashikwa na uchungu. "Kimbia umlete," aliniambia. Nilikimbia nikiogopa nitarudi nimkute amekufa. Mkunga nilimkuta katikati ya ngoma; akaacha kucheza, akanifuata.

Babu yako Masanja, mdogo wangu, alizaliwa salama. Jioni watu walirudi wakisimulia bendera mpya ilivyopandishwa. Mimi sikuiona. Nilikaa nimempakata mtoto, na kila mama alipofumba macho nilimsogelea, nisikilize kama bado anapumua.

Bibi yako,
Minza