Ndizi Ndani ya Mashine

Garissa, Jumanne

Eti nimeshindwa kujizuia! Mimi, ambaye nyumba nzima inanibembeleza nile na silegei.

Leo nililazwa ndani ya ile mashine ya kupiga picha za ubongo. Daktari anatafiti jinsi vijana tunaokataa kula tunavyojizuia. Maagizo yalikuwa rahisi: bonyeza kitufe ukiona chakula cha mchana, jizuie ukiona tunda. Kila ndizi ilipotokea, nilibonyeza.

"Kwenye ndizi ulishindwa kabisa," akasema.

"Daktari, kwetu ndizi huliwa pamoja na wali. Hiyo si tunda, ni chakula."

Akacheka, hakuamini. Ayeeyo, bibi yangu aliyenisindikiza, akamkazia macho. "Wallahi, wali bila ndizi ni nusu chakula. Twende nyumbani uone."

Daktari akaja kweli. Ayeeyo akaweka sinia katikati, wali na ndizi, kisha wote wakanigeukia mimi, shahidi. Nikawa nimenaswa.

Wali unanitisha, sitaficha hapa. Lakini kuonekana mwongo mbele ya mgeni...

Nilikula matonge machache. Ayeeyo akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamuuliza daktari kama mashine yake ina picha ya nyama ya ngamia.