Nyumba ya Bwana Asante

Jumatatu, 4 Machi

Kazi mpya! Nyumba nzima kwa nje, na makabati ya jikoni ndani. Ngazi atapaka nje. Ndiye binamu yangu, tunamwita hivyo kwa urefu, anainama kila mlango. Makabati ni yangu. Kahawia inatoka, inaingia nyeupe ya maziwa. Milango yote nimeshaing'oa, nimeilaza uani juu ya mbao. Mafuta ya miaka na miaka! Msasa unaziba kabla haujauma.

Mwenye nyumba mpole kupita kiasi. Umeingia, asante. Umevua viatu, asante. Ngazi keshampa jina: Bwana Asante.

Mkewe bado kijana, mtoto wa kike mgongoni. Nilimsalimia. Akamtazama mumewe kwanza, ndipo akaitikia.

Jumanne, 5 Machi

Bwana Asante kaenda kazini, kafunga geti kwa nje. Kwa kufuli! Sisi tumo ndani. Nilidhani kasahau, nikampigia simu. Kasema ni kwa usalama wetu, asante kwa kuuliza. Ngazi akacheka, eti tumekuwa kuku wa kufuga. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jikoni harufu ya tarpentaini ilinipanda kichwani. Nikafungua dirisha la nyuma, ndilo pekee lisilo na nondo, linatokea kichochoroni, nikatoa kichwa nipumue. Mke akanivuta bega. Nisilifungue sana, jirani akiliona wazi atamwambia mumewe. Amwambie nini? Akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Alhamisi, 7 Machi

Mwandiko huu hata mwenyewe sitausoma.

Nilikuwa napiga msasa kabati la chini ya sinki. Nikaingiza mkono nyuma ya bomba nifute vumbi, nikagusa furushi. Magauni mawili ya mtoto, soksi, chupa ya maziwa, viatu vya mama yake. Vimefungwa vizuri, kama vya msafiri. Kugeuka, mke huyo hapo mlangoni. Midomo imemkauka. Nikalirudisha furushi mahali pake, nikaendelea na msasa kama mwendawazimu.

Mara honi getini. Mchana ule! Haikuwa saa ya Bwana Asante kurudi. Akaja moja kwa moja jikoni, akapiga magoti, akaanza kukagua kabati moja moja. Mimi nikakaa kitako mbele ya lile la sinki, brashi mkononi. Nikamwambia bosi usisogee, rangi ya praima mbichi, itakushika shati.

Uongo mtupu! Kopo la praima hata sijalifungua.

Akaitazama brashi yangu. Kavu. Akanitazama mimi.

— Asante, fundi.

Akaondoka. Roho ilikuwa mkononi, mpaka sasa haijarudi mahali pake.

Ijumaa, 8 Machi

Anajua? Hajui? Leo kutwa hakunisemesha ila asante zake. Kila akipita nyuma yangu shingo inasisimka.

Nimemweleza Mama. Kasema ya ndoa ni ya wenyewe, nisije nikaungua kwa moto wa wengine. Ngazi nimemdokezea tu, kasema tumalize tuondoke, yeye ana watoto. Sawa. Ana watoto. Mimi nina shingo moja tu.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Asante kamwagiza Ngazi: dirisha la nyuma la jikoni apige rangi nzito kwenye mwanya, mpaka lishikane na fremu. Eti mvua inaingia. Mvua! Ukuta ule haujaona tone tangu tufike. Ngazi kapaka, kazi ni kazi. Akarudia. Akarudia tena.

Mke alikuwa ndani, akiiona brashi ikipita upande wa pili wa kioo. Akakaa sakafuni, pwaa, kama gunia. Nikakaa naye. Ndipo akasema, haraka haraka, macho mlangoni. Polisi alishawahi kwenda. Walimsikiliza vizuri, kisha wakampigia simu mumewe aje amchukue. Akaja. Akawashukuru. Mke akapandisha mkono wa blauzi nione. Nimeona. Inatosha.

Nikamwambia sisi tunakaa nyuma ya kiwanda cha mbao, mlango wa bluu. Yalinitoka tu! Njia nzima nimetamani kuyameza tena. Sasa sitamani. Sasa natamani. Sijui nimefanya nini.

Jumatano, 13 Machi

Imekwisha. Milango imerudi kwenye bawaba, inang'aa kama meno ya mtoto.

Kabla ya kukusanya vifaa nilizunguka nyuma ya nyumba. Ngazi akauliza naenda wapi, nikasema nafuta matone. Nikachukua kisu chembamba cha puti, nikakipitisha kwenye mwanya wa dirisha, pande zote nne. Rangi ikipasuka, mimi nasikia bunduki. Na sebuleni Bwana Asante anambembeleza mtoto, anamwimbia, sauti tamu! Nikasukuma kwa kidole. Likaachia.

Maganda yote nimeyatia mfukoni.

Wakati wa kuagana katushika mikono. Kasema mafundi waaminifu siku hizi adimu. Mkono wake mkavu, wangu umelowa jasho.

Ijumaa, 15 Machi

Simu. Bwana Asante. Eti rangi ya mlango mmoja wa kabati imechuruzika, nije niisawazishe. Nije peke yangu.

Hakuna rangi iliyochuruzika. Naijua kazi yangu.

Nikasema naumwa. Akasema pole sana, unakaa wapi nikuletee dawa? Nikakata.

Jumamosi, 16 Machi

Amekuja! Asubuhi, Mama anafagia uani, mlango ukagongwa kidogo tu, kama kuku anadonoa. Mtoto mgongoni, furushi kwapani, goti limechubuka. Nilitarajia Mama atoe hotuba yake ya ndoa na wenyewe. Mama akamtazama juu mpaka chini, akanyoosha mikono.

— Nipe mjukuu wangu, kalowa.

Basi.

Tumempigia shangazi wa mke. Kasema anakuja na gari la kukodi, tusimwachie atoke. Nikakaa dirishani kulingoja. Ndipo Ngazi akapiga simu, mchangamfu kama siku zote. Bwana Asante kamuuliza ninapokaa, kasema ameniletea dawa na zawadi, mtu mzuri yule. Akaniuliza: nimemwelekeza, vipi, nimekosea?

Ewe Ngazi!

Sasa tumo chumba cha ndani, mimi, yeye na mtoto. Naandika gotini ili mkono upate kazi. Bwana Asante yuko nje. Kapiga hodi ya adabu. Mama kamkaribisha kiti huko huko uani, kajifanya masikio mabovu:

— Sema kwa nguvu, baba, mimi mzee! Umempoteza nani?

— Mke wangu, mama.

— Nani? Paza sauti, majirani nao wakusaidie kutafuta!

Nasikia milango ya watu inafunguka. Mama huyu! Nilimdhania mwoga kama mimi.

Lakini sasa Bwana Asante amebadilisha sauti. Analia. Mwanaume mzima analia uani kwetu. Anasema amekosa, anasema nyumba imependeza, makabati meupe, hawezi kuingia jikoni peke yake. Hata mimi namwonea huruma, na mkono ule niliuona kwa macho yangu.

Mke ameinua kichwa. Ananinong'oneza: analia, hajawahi kulia, sikiliza. Amempandisha mtoto mgongoni. Anafunga fundo. Anatafuta viatu chini ya kitanda.

Mgongo wangu uko kwenye mlango. Shangazi hajafika.

— Nipishe, dada.

Nikipiga kelele mumewe atajua tumo humu. Nikimshika kwa nguvu, nina tofauti gani na yule? Nimemwambia ngoja kidogo, ndugu yangu, namalizia kuandika. Kasimama. Ananisubiri. Kashika viatu mkononi, kainamisha kichwa, anasubiri ruhusa kama alivyozoezwa. Kwa hiyo naandika. Naandika polepole. Nje mumewe anamwita kwa jina lake la kitandani. Gari limepita, si lenyewe. Ananiuliza, bado? Bado, nimemwambia, bado kidogo, mstari mmoja tu. Naandika chochote. Naandika kitanda, ukuta, mlango. Naandika