Rozari na ganti mikononi

Goma, Jumamosi

Kidevu kingali kinauma. Bibi yangu nilimuambia naenda kusali rozari kanisani, kumbe nilienda Birere kupigana ndondi na Kambale, muzee mwenzangu.

Ngumi yake sikuiona. Miguu iliniacha tu, nikalala chini muzuri kabisa kama mutoto aliyeshiba, nikijiuliza nani amezima jua.

Watu walinirudisha nyumbani juu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma mizigo, katikati ya makabichi.

“Nimechoka na sala,” nikamuambia bibi.

Akaangalia mikono yangu. “Papa Muhindo, siku hizi Bikira anasaliwa na ganti za ndondi?”

Akakataa kunifungulia kamba za ganti mpaka nisali rozari nzima mbele yake. Shanga ziliniponyoka mara saba. Kila mara: “Anza tena, papa.”

Kambale, yeye, alinipiga mara moja tu.