Ardhi ya Mzee, Mfenesi wa Dada Yake

Kambi ya chai, Bungu

Mwanangu Zaituni,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye ukungu. Baba yako hajambo? Mguu unamwachia alale? Bibi yako mpe shikamoo yangu, mwambie mkwewe anamtaja kila swala. Mjomba wako Issa na mkewe wazima? Wanao wamepona kikohozi? Na wewe, mama, unakula? Mimi nipo, ila magoti yamechoka. Kuchuma chai kwenye mteremko na umande si kazi ya umri wangu tena. Nikiamka vidole havikunjiki.

Nimeandika kwa mwandiko wangu huu mbaya kwa sababu simu ya hapo nyumbani inawekwa sauti kubwa, kila mtu anasikiliza. Hili nataka ulijue wewe kwanza.

Akiba yangu unaijua, ni kidogo. Na siku nikiacha kazi, chumba cha kambi wanakichukua. Mjomba wako anataka nitume zote hapo Kondoa, aongeze vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja chake karibu na stendi, kodi tugawane. Ni ndugu yangu, simdhanii baya. Lakini kiwanja ni chake. Baba yetu alipogawa, mimi sikupata hata upana wa mkeka.

Sasa huku kuna mzee mmoja, Mzee Shekalaghe, anauza kipande chenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili, jirani na zahanati. Manesi na walimu wanahangaika kutafuta vyumba. Nikaenda kukiangalia na Mama Saida, jirani yangu, Msambaa wa hapa hapa. Tukazunguka mpaka wote, tukauliza maji, njia, mashahidi. Nikajiona mjanja. Nikasema, "Huu mfenesi nitaukata, chumba cha tatu kikae hapa."

Mzee akaniangalia. "Mama, mimi nakuuzia ardhi. Mfenesi si wangu."

"Umeota kwenye ardhi ya nani?"

"Ardhi yangu. Mti wa dada yangu, baba alimpa yeye."

Mama Saida akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Zaituni, miaka yote hii unakula mafenesi yetu, hukuuliza kama yana mwenyewe?"

Kumbe huku ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na ukinunua kimoja hujanunua kingine. Mwanangu, ilibaki kidogo nitoe pesa.

Kesho yake nikamfuata huyo dada mtu. Ni bibi mtu mzima, nikamwamkia, nikamwomba aniuzie mti. Akakataa kwa upole. "Nikiuuza nitaingia kwa baba yangu kwa njia gani? Wewe nunua, kaa. Mimi nitapita kuchuma, utanipa chai."

Nilirudi nimechoka, lakini hasira sikuwa nayo. Yule bibi ana mti mmoja, na kwa mti huo hakuna wa kumfukuza kwao. Mimi nikija kwetu napita kwa hisani ya Issa.

Kwa hiyo ni vyumba viwili tu, hakuna cha tatu. Kimoja nikae, kingine nipangishe. Faida ni ndogo, ya mjomba wako ni kubwa zaidi, najua. Ila hiki kitaandikwa jina langu na lako.

Kinachoninyima raha ni baba yako. Milima hii na mguu ule. Nikinunua huku naye asije, nitakuwa nimechagua kuzeeka mbali na mume wangu kwa ajili ya vyumba viwili vya udongo. Muulize mkiwa wawili, bila bibi yako, bila Issa: atakuja kukaa na mimi? Akisema hawezi, nitamtumia Issa pesa na sitamlaumu mtu. Maneno yake nipe kama alivyoyasema, usiyalainishe ukidhani unanihurumia.

Nisalimie mama wa jirani aliyenifungia mizigo siku naondoka, na shangazi yako wa sokoni. Wanao wabusu.

Mzee amekubali kunisubiri hadi Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo anamwita mnunuzi mwingine. Nipigie ukiwa kisimani peke yako, mama, saa yoyote. Simu ninakwenda nayo hadi shambani. Usichelewe.

Mama yako,
Mwanahamisi