Nyasi za Karimi

Bulla Iftin,
S.L.P. 316,
Garissa.
9 Januari 2024

Mpendwa wifi yangu Kagendo,

Assalaam aleikum. Habari za Mandera? Vipi vumbi la huko, na vipi wale watoto wa darasa lako wanaokufuata mpaka mlangoni? Miguu imeacha kuvimba? Mwambie kaka yangu Abdullahi asikuache ubebe ndoo. Huyo nimemlea na ninamjua: akiuona mzigo, huanza kutafuta funguo. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Nikipiga simu Mama hukaa karibu, na kila nikisema neno yeye hulisahihisha. Haya ninayotaka kukuambia yanamhusu, basi nimeona Dubow akuletee mkononi, maana lori lake linakuja huko na bidhaa.

Kwanza, ng'ombe wako Karimi ni mzima. Nimetanguliza hilo ili uyasome yaliyobaki ukiwa umetulia. Mimba yake imekua, anatembea polepole kama wewe. Lakini mwezi uliopita nusura nimpoteze, na wewe uliniachia amana. Sijasahau jinsi baba yako, mzee Kinoti, alivyomleta kutoka Meru juu ya lori mlipooana, mtaa mzima ukicheka kwamba ng'ombe wa baridi hatamaliza mwezi katika joto letu. Wala sijasahau kwamba maziwa yake ndiyo tuliyoyapangia arobaini yako, ukija kujifungua hapa kwetu.

Sisi watu wa hapa, wifi, tumefundishwa kuogopa jua. Maji hatukufundishwa kuyaogopa. Niliposikia mvua kubwa inakuja nilikwenda kwa wakulima wa kando ya Tana nikanunua nyasi zikiwa bado kijani. Kwetu kijani ni neema, nani angengoja zikauke? Halafu kuna mbuzi wa mtaa, unawajua, wale wanaokula hata maboksi ya dukani. Kwa kuwaogopa hao nikayapanga marobota sakafuni, nikayasukuma mpaka ukutani, nikayafunika kwa turubai hadi chini na kulikandamiza kwa mawe pande zote. Mbuzi hawakupata hata jani, nami nikajisifu sana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hao hawakuweka nyasi mbichi chini ya turubai Garissa.

Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Nikaingiza mkono katikati ya robota, kukawa moto kama chungu cha uji. Kuvu nyeupe ilikuwa imetambaa kila mahali, na chini kabisa nyasi zilikuwa nyeusi zimegandana. Karimi alinusa mara moja akageuza kichwa. Mama akasema ng'ombe wa bara ana madaha, amefanana na mwalimu. Usikasirike. Unajua tangu uingie nyumba hii yeye hukuita mwalimu, kwa heshima, lakini mwalimu tu.

Nilitaka kuzitupa zote siku ile ile. Mama akakataa katakata. Akasema tutoe zilizooza, zilizobaki tuzianike, ng'ombe akilala na njaa atakula. Nikamwita Mwiti, daktari wa mifugo, nikitumaini atamsikia mtu wa serikali. Mama akamjibu kwa Kiswahili chake kisichojua herufi "p": "Wewe daktari ni kijana. Mwaka ya ukame ng'ombe yangu ilikula karatasi, ikakufa yote moja moja. Leo nyasi nimebata, wewe nasema tuba?"

Mwiti hakubishana naye. Alichuchumaa mbele yake akasema, "Mama, kuvu hii ina sumu. Hata ukianika, sumu haitoki. Ng'ombe akila, inaingia kwenye maziwa, na hata ukiyachemsha haiondoki. Haya maziwa ni ya nani?" Mama alijifunga mtandio akaingia ndani, na nyasi zikabaki pale pale uani, maana katika nyumba hii nani hutupa kitu ambacho Mama hajasema kitupwe?

Kosa langu la pili lilikuwa kuziacha wazi. Yule mbuzi mweupe wa Mama mwenye sikio lililokatika aliingia akala akashiba. Baada ya siku chache akatupa mimba. Mwiti alisema hawezi kuapa kwamba ni kuvu, ila anaishuku. Mama alikaa kando ya mbuzi yule mchana kutwa, hali chakula, na mimi niliumia kumwona hivyo.

Jioni alisimama, akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akaanza kuyaburuta marobota mwenyewe. Nilimsaidia. Nyasi tulizipeleka mbali, mahali mifugo haipiti, tukazichoma zote, mbaya na zile zilizoonekana nzuri.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo sababu hasa ya barua. Uliniambia umenunua nyasi za mbuzi wako na umezifungia katika kile chumba cha nyuma, zimefunikwa turubai. Wifi, ukimaliza kusoma mstari huu, nenda kafungue mlango. La, wewe kaa, aende Abdullahi.

Ashike mabua machache ayapinde. Yakivunjika kwa sauti, yamekauka. Yakijikunja tu, azirudishe nyasi juani azigeuzegeuze mpaka zikauke. Zisilale sakafuni, atafute mbao au matawi manene aziinue, na kati yake na ukuta mtu aweze kupita. Juu ziwe na paa, ubavuni zipate hewa. Kila baada ya muda aingize mkono katikati, na akisikia joto asingoje kesho. Za zamani ziliwe kabla ya mpya. Akikuta kuvu, asikwangue akawapa mbuzi zilizobaki, na wewe na hali yako usikaribie vumbi lile hata kidogo.

Kuhusu mbuzi wa majirani, turubai siyo dawa. Tumezungushia ghala letu jipya boma la miiba, kama tunavyozungushia mifugo malishoni. Upepo unapita, mbuzi hapiti. Miaka yote hii miiba tunayo mlangoni, na mimi nikaenda dukani kununua turubai. Hinda, yule jirani yetu, amenicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kukata miiba yake.

Nimebakiza moja. Tulipochoma nyasi, Karimi alibaki bila chakula. Mto ulikuwa umefunika mashamba, nyasi za kununua hakuna, na yeye si ngamia wa kwenda kujitafutia. Nilikosa usingizi. Sasa unayajua magunia ya Mama yanayoning'inia chini ya paa, yale maganda ya migunga anayookota mwaka mzima na kuyakausha kwa ajili ya mbuzi wake. Hayo hayaguswi. Mimi mtoto wake wa kumzaa sijawahi kupewa hata konzi moja, hata mwaka mbuzi wangu walipokonda mbavu nje.

Asubuhi ile nilisikia magunia yakishushwa. Nikatoka nikamkuta Mama amechuchumaa mbele ya Karimi, anayaponda maganda na kumlisha kidogo kidogo kwa mkono wake, na ng'ombe wako wa madaha anakula bila kuinua kichwa. Hinda naye alikuwa amesimama hapo, macho yamemtoka. Akamuuliza Mama imekuwaje leo, akiba ya mbuzi anapewa ng'ombe wa nani?

Mama akasema, "Ng'ombe wa binti yangu."

Nilisogea karibu, nikidhani ananitaja mimi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi sina ng'ombe.

Nisalimie Abdullahi, na ukimpigia mzee Kinoti mwambie Karimi amekuwa mwenyeji. Mama anakusalimu, hajui kama nimekuandikia haya, basi ukija jifanye hujui. Mola akulinde wewe na huyo mgeni uliyembeba, awafikishe salama hapa, maziwa yawe yanawangoja.

Wifi yako akupendaye sana,
Shamso