PR Yako na Matanga ya Baba

S.L.P. 218,
Kawajense, Mpanda.
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Maduhu,

Pokea salamu zetu sote. Je, kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya huko Kanada kimepona? Uniandikie ukweli, si neno "salama" pekee. Mimi ni mzima. Mama yetu, Mayu, naye kwa umri wake hajambo, isipokuwa magoti.

Mpunga wa Majimoto umevunwa, na mdogo wetu Malale ameuhifadhi vizuri. Ng'ombe wako mweupe amezaa jike.

Barua yako ya Machi ilisema utakuja "PR ikitoka". Unaijua kazi yangu ya masjala. Herufi mbili haziniridhishi. Katika ofisi yetu PR ni ombi la manunuzi. Kwa maofisa habari ni uhusiano na umma. Katika vitabu vya siasa, uwakilishi wa uwiano. Kwa wauguzi, njia ya kutoa dawa ambayo sitaitaja hapa. Ya kwako, nimethibitisha, ni ukaazi wa kudumu.

Nilipomsomea Mayu, aliuliza, "Hiyo PR ni mtu au karatasi?" Nikajibu ni karatasi. "Basi aikunje, aje nayo." Alicheka. Neno "kudumu" sikumfasiria.

Huu ni mwaka wa tatu matanga ya Baba hayajaondolewa, maana katika nyumba yetu mtoto wa kiume wa kwanza ndiye humnyoa mama nywele za msiba. Mayu bado anafunga kitambaa cheusi. Haendi harusini wala mnadani. Wiki iliyopita Malale alishika wembe kwa nia njema, akaambiwa, "Kaa chini, wewe. Kinyozi wangu yuko njiani."

Nami, kila nikisikia treni ya Tabora ikiondoka, huhesabu mabehewa kama siku ile, na hesabu hupotea palepale ulipopunga mkono.

Basi nieleze bila kufupisha: karatasi hiyo inakufungulia mlango, au inakubakiza huko? Kama utakuja, taja mwezi. Kama huji, mwandikie Mayu mwenyewe kwamba Malale anyoe badala yako, ili atoke msibani. Barua hiyo nitamsomea, lakini sitamtungia.

Msalimie mkeo Jeniffer na mwanenu Ndaki, ambaye hatujamwona. Huku Malale na shangazi Dorotea wanawasalimu. Mungu awalinde, na akikuleta, akulete macho ya Mayu yakiwa bado yanakutambua.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Kabula